Chipu Inamaliza Filta, DC Inabaki Mezani Kwako

Haya jamani, habari zenu. Nashukuru kwa nafasi. Nimeambiwa niongelee kudizaini sakiti za video kwa kutumia zile chipu ambazo filta na draiva ya kusukuma kebo vyote vimo humohumo ndani, na naona kuna watu wameshaanza kuangaliana, huyu naye anatuletea analogi wakati watu wako HDMI miaka yote hii. Sawa, nawaelewa. Ila kamera ya nyuma ya gari, nyingi zinatoa nini? Kamera za ulinzi zile za kebo ya koaksi je? Na droni za mashindano, ambazo rubani kavaa miwani na hataki picha ichelewe hata kidogo? Na hawa wanaofufua mashine za gemu za zamani? Kote huko bado ni volti inapanda na kushuka kwenye waya, na lazima kuwe na kitu cha kuisukuma.

Ninachotaka kusema nakisema mapema kabisa ili hata ukisinzia uwe umekipata. Kwenye bodi nyingi ambazo watu wananiletea niziangalie, mtu amehangaika na filta, anauliza inakata wapi, ni daraja la ngapi, mteremko ukoje, wakati filta ndo kitu pekee ambacho huna cha kukifanya, kimeshachorwa kwenye silikoni na huwezi kukigusa hata ukitaka. Kazi iliyobaki mezani kwako ni DC. Signali inaingia ikiwa imekaa volti ngapi, ndani ya chipu inasogezwa wapi, inatoka ikiwa imekaa wapi, na saplai yako ina nafasi ya kuibeba yote bila kuikata kichwa wala miguu. Bodi inayosumbua, mara nyingi inasumbuka hapo.

Ila filta nayo tuipitie, maana usipojua kwa nini ipo utachagua chipu isiyokufaa.

Video ya kawaida, hii ya SD, ya kabla ya HD, kiwango cha kimataifa cha BT.601 kinasema luma, yaani mwangaza wa picha, inasampuliwa kwa megahezi 13.5. Encoda nyingi, zile chipu zinazotengeneza signali ya video, zinaongeza sampuli mara mbili kabla ya kupeleka kwenye DAC, kile kinachogeuza namba kuwa volti, kwa hiyo DAC inakimbia megahezi 27. Sasa DAC haitoi mstari laini, inatoa ngazi, na ngazi maana yake kuna nakala za picha yako zimekaa kuzunguka 27. Kama picha yako inafika megahezi 5 hivi, nakala ya kwanza inaanzia 22. Monita ya kisasa ikizipokea hizo nakala na yenyewe ikasampuli upya kwa saa yake, zinakunjwa zinarudi ndani ya picha na unaona vimistari vinatembea, na huwezi kuviondoa tena kwa sababu vimeshakuwa sehemu ya picha. Kwa hiyo unazikata kabla hazijatoka kwenye bodi.

Filta ya daraja la tano inayokata kwenye 8.5, chukua Butterworth, muundo wa filta wa kitabuni tu, ikifika 22 imeshapunguza desibeli 41, yaani nakala imekuwa ndogo zaidi ya mara mia. Kwa SD inatosha kabisa. Chipu kama THS7314 ya Texas Instruments iko hivyohivyo, chaneli 3, daraja la tano, inakata karibu na 8.5, gaini ya desibeli 6, pini nane, unailisha volti 3 mpaka 5. Kuna za kampuni zingine nyingi zinafanana nayo.

Hapa kuna mtego lakini. Hiyo hesabu inafanya kazi kwa sababu DAC inakimbia 27. Ukiwa na DAC inayokimbia 13.5 tupu bila kuongeza sampuli, toa 5 kwenye 13.5 unabaki na 8.5, yaani nakala inaanzia palepale filta inapoanza kukata. Desibeli 3 tu. Umeweka chipu, umelipia chipu, na nakala zinapita zinakupungia mkono. Afu juu ya hapo DAC yenyewe inakula frikwensi za juu kwa sababu ya umbo la ngazi, kwa 27 ukiwa megahezi 6 unapoteza desibeli 0.7 hivi ambayo hakuna atakayeiona, ila kwa 13.5 palepale kwenye 6 unapoteza desibeli 3 nzima na picha inakuwa na ukungu. Kwa hiyo kabla hujafungua datashiti ya chipu ya filta, kajue kwanza DAC yako inakimbia ngapi.

Zamani hii kazi tulikuwa tunaifanya kwa koili na kapasita, koili mbili au tatu kwa kila chaneli na kapasita zake, halafu nyuma unaweka op-amp, ampulifaya ya kusukuma kebo. Inafanya kazi, na mi siyo wa kuiponda, ukipata koili nzuri hiyo filta haina kelele na haili umeme. Tabu ni pale unapokuwa na chaneli tatu, Y ya mwangaza na Pb na Pr za rangi, kila koili ina uongo wake wa asilimia kadhaa, na chaneli moja inachelewa kuliko mwenzake. Pikseli moja ya SD ina nanosekunde 74. Rangi ikichelewa nusu ya hapo nyuma ya mwangaza, jicho lililozoea linaona ukingo mwekundu umetoka nje ya kitu chake. Kwenye chipu moja chaneli zote tatu zimetoka kwenye kipande kimoja cha silikoni, zikikosea zinakosea pamoja, na hiyo peke yake kwangu ni sababu tosha ya kuinunua.

Draiva nayo haraka. Kebo ni ya ohmu 75, mwisho wake kwenye monita kuna resista ya 75, na wewe unaweka 75 mwanzo wa kebo ili chochote kinachorudi kife hapo. Resista mbili sawa zinagawa volti nusu kwa nusu, kwa hiyo ili monita ipate volti 1 lazima pini ya chipu itoe volti 2. Ndo sababu karibu zote zina gaini ya 2, hizo desibeli 6, hakuna siri. Pini inaona mzigo wa ohmu 150. Kama unalisha monita mbili kutoka pini moja na datashiti imeruhusu, kila monita inapata resista yake ya 75 kutoka kwenye pini, siyo resista moja halafu unagawanya waya baada yake. Nimeona hiyo mara nyingi mno. Mtu anaweka kigawanyio cha T kwenye jeki afu anashangaa picha imefifia.

Sasa tuje kwenye DC, na hapa nitakaa.

Signali ya kompoziti, yaani mwangaza, rangi na sinki vyote kwenye waya mmoja, ina volti 1 kutoka chini mpaka juu. Chini kabisa ni ncha ya sinki, ile palsi inayoiambia monita mstari mpya umeanza, juu yake kwa milivolti 300 kwenye PAL, mfumo wa TV wa mistari 625, ndo kiwango cheusi, halafu milivolti 700 zingine mpaka nyeupe. NTSC, mfumo wa Marekani, ni 286 na 714, tofauti ndogo. Tatizo ni kwamba DAC nyingi zinaweka ncha ya sinki palepale kwenye sifuri au karibu sana, kwa sababu DAC inasukuma mkondo kwenye resista kwenda graundi, na mkondo ukiwa sifuri volti ni sifuri. Na chipu yako inalishwa volti 3.3 moja tu, haina volti hasi. Ampulifaya yenye saplai moja haiwezi kufika sifuri halisi. Itashuka mpaka milivolti hamsini, mia, inategemea mzigo, halafu inagoma.

Ikigoma nini kinatokea? Sinki inafupika. Badala ya monita kuona 300 inaona labda 220. Na watu wanadhani picha itakatika au itaanza kuyumba, hapana, mara nyingi picha inakuja vizuri tu ila imekuwa nyeupe kupita kiasi, rangi zimechomeka. Sababu yake ni kwamba dekoda nyingi zinatumia kina cha sinki kama rula. Inajua sinki inatakiwa iwe 300, ikiiona 220 inasema kumbe signali imenyong'onyea kwenye kebo, ngoja niiongeze, inaongeza kila kitu mpaka sinki ifike 300, na nyeupe yako inapaa. Mhandisi anakaa wiki anarekebisha mwangaza kwenye programu, kumbe tatizo liko chini kabisa ya signali mahali ambapo hakuna picha.

Ndo maana chipu hizi zikiwa za kuunganishwa moja kwa moja, bila kapasita, zina kisogezaji ndani. Inachukua signali inayoanzia sifuri inaipandisha kidogo, milivolti mia na kitu, kabla ya kuizidisha mara mbili. Tuseme kwenye pini ya kutokea ncha ya sinki inakaa milivolti 300 juu ya graundi. Ampulifaya inapumua. Ukiwa na DAC inayoanzia sifuri, chipu yenye kisogezaji, na umeiunganisha moja kwa moja, umeshamaliza upande wa kuingilia na hujaweka hata kapasita moja. Mi napenda hii njia kuliko zote na sijui kwa nini watu wanaikimbia.

Sasa kama signali haitoki kwenye DAC yako, inatoka nje, kamera ya mtu mwingine, hujui imekaa volti ngapi, lazima uweke kapasita. Na ukishaweka kapasita DC imepotea, kitu kinachobaki ni wastani, na wastani wa video unabadilika na picha. Wengi hawajawahi kuipiga hii hesabu kwa hiyo tuipige hapahapa. Picha nyeusi tupu, wastani wake ni kama volti 0.28 juu ya ncha ya sinki. Picha nyeupe tupu, ukihesabu mistari mitupu ya juu na chini, ni kama 0.80. Kapasita inaweka wastani kwenye volti moja isiyobadilika. Kwa hiyo kwenye picha nyeusi yenye kidoti kimoja cheupe, hicho kidoti kinaruka 0.72 juu ya wastani, na kwenye picha nyeupe ncha ya sinki inashuka 0.80 chini yake. Jumlisha, unahitaji nafasi ya 1.52 kubeba signali ya volti 1. Zidisha mara mbili kwenye pini ya kutokea, 3.04. Na saplai ni 3.3, na juu na chini ampulifaya inahitaji nafasi yake. Haiingii. Rangi kali bado hatujazigusa.

Hapo ndo klampu inapokuja. Klampu ya ncha ya sinki kazi yake ni moja, kila palsi ya sinki ikifika inasema hapa ndo chini, na inaijaza kapasita mpaka ncha ikae pale ilipopangiwa. Picha ibadilike vyovyote, ncha haihami. Kati ya sinki mbili kuna mkondo mdogo unaovuja kwa makusudi ili klampu iweze kufuata signali ikipanda. Mkondo huo tuseme ni mikroampia 2, kapasita yako ni mikrofaradi 0.1, mstari mmoja ni mikrosekunde 64, zidisha ugawanye unapata milivolti 1.3 inateleza kwa kila mstari. Haionekani. Ila kuna mtu anaona 0.1 ni ndogo anaamua kuboresha anaweka 10, sasa klampu inachukua muda mrefu kujaza na kufuata, ukibadilisha kamera picha inaelea kwanza ndo inatulia. Mwingine anaweka ndogo zaidi, nanofaradi 1, sasa utelezi ni milivolti 130 kwa mstari na upande wa kulia wa skrini ni mweusi kuliko wa kushoto. Datashiti ikisema 0.1 weka 0.1. Iwe X7R, aina ya kapasita isiyoyumba sana na joto, hizi zingine za bei ya kutupa zinapoteza nusu ya uwezo wake ukiwasha hita chumbani.

Halafu tafadhali, klampu ya ncha ya sinki ni ya signali yenye sinki. Unacheka lakini subiri. S-video ina waya mbili, Y ina sinki, C ni rangi tupu, inacheza juu na chini ya katikati, haina sinki hata moja. Pb na Pr hivyohivyo, zinakwenda milivolti 350 juu na 350 chini. Ukiipitisha C kwenye klampu ya ncha, klampu itashika sehemu ya chini kabisa ya rangi inadhani ni sinki, na kila rangi ikibadilika ukali wake kiwango kizima kinahama. Chaneli za namna hiyo zinahitaji baiasi ya katikati, yaani volti ya kudumu ambayo signali inacheza juu na chini yake, siyo klampu. Kuna chipu ambazo kila chaneli unaichagulia, kuna ambazo zimeshaamua, chaneli ya kwanza ina klampu, ya pili na ya tatu zina baiasi, na kuna ambazo zina klampu zote tatu kwa sababu zimetengenezewa kompoziti tatu. Kwenye jedwali la kwanza la datashiti zote zinaonekana sawa, chaneli 3, desibeli 6. Soma ukurasa wa mchoro wa ndani.

RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja na waya wake, ndo mbaya zaidi maana inategemea. Kama sinki iko kwenye kijani, kijani kina klampu na nyekundu na bluu hazina kitu cha kushika. Kama sinki iko kwenye waya wake, zote tatu hazina, ingawa hapo nyeusi ndo sehemu ya chini kabisa kwa hiyo klampu inashika nyeusi na mara nyingi unaponea. Unaponea. Siwezi kusema ni dizaini. Wanaofufua Nintendo 64 za mwanzo wanaijua hii, chipu yake ya video inatoa RGB lakini nguvu ya kusukuma kebo ya 75 haina, kwa hiyo watu wanaweka THS7314 katikati, na wanaunganisha moja kwa moja bila kapasita upande wa kuingilia, kisogezaji kinafanya kazi yake na habari ya klampu inakuwa haipo.

Upande wa kutokea nako kuna mabishano yake. Kawaida mtu anaweka kapasita ya mikrofaradi 220 halafu resista ya 75. Anaiweka kwa sababu mchoro wa mfano ulikuwa nayo. Haya, 220 na mzigo wa 150, konstanti ya muda ni milisekunde 33. Fildi moja ya PAL, yaani nusu ya mistari ya picha, ni milisekunde 20. Yaani kapasita inapata muda mwingi tu wa kuteleza ndani ya fildi moja, na ukitazama kwenye oskiloskopu ukiweka picha ya nusu nyeupe nusu nyeusi unaona mteremko waziwazi. Kwenye monita nyingi huoni kitu maana monita nayo ina klampu yake inashika kila mstari, kwa hiyo bodi inapita majaribio, halafu siku mteja anaichomeka kwenye kifaa cha kurekodi cha bei nafuu na juu ya picha kuna mwanga kuliko chini. Ukitaka 470 au 1000 ni sawa ila ni limkebe likubwa, na ukiwa na chaneli tatu bodi nzima imekuwa mikebe. Kuna chipu zenye pini ya ziada ya kurekebisha mteremko, unatumia kapasita mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja inabeba signali na nyingine inarudisha taarifa kwenye chipu ili chipu isukume zaidi kule chini kwenye hezi chache. Inasaidia, ila kusukuma zaidi maana yake inakula nafasi ya volti, kwa hiyo kwenye 3.3 piga hesabu upya.

Au toa kapasita kabisa. Monita nyingi zina kapasita yake ndani, hiyo DC yako ndogo haiisumbui. Gharama yake ni mkondo. Ncha ikiwa 0.3 na wastani tuliouhesabu, picha nyeusi inavuta milliampia 6 hivi kwa chaneli kupitia ile 150, nyeupe karibu 13. Kwenye kifaa cha ukutani hakuna anayejali, kwenye droni unajali. Na unaona kitu kingine hapo, mkondo wa saplai unacheza na picha. Ukiwa na regyuleta dhaifu inayolisha chipu hii pamoja na kitu cha sauti, utasikia picha kwenye spika, mlio wa hezi 50 unaobadilika kila skrini inapobadilika.

Kuna pia zile zenye pampu ya chaji ndani, zinajitengenezea volti hasi yenyewe, kiwango cheusi kinakaa sifuri halisi kwenye jeki na huhitaji kapasita yoyote. Safi sana. Ila pampu ni swichi, na swichi ina kelele, na kapasita zake mbili lazima zikae zimebanwa na pini kabisa.

Tumalizie nafasi ya juu. Watu wanahesabu volti 1 mara 2 ni 2, ongeza 0.3 ni 2.3, saplai 3.3, nina volti nzima ya ziada. Huna. Kompoziti yenye rangi za asilimia mia, njano hasa, inaruka juu ya nyeupe. Kwenye PAL kutoka ncha ya sinki mpaka kilele cha njano ni volti 1.23. Mara mbili ni 2.47, ongeza 0.3 unafika 2.77. Saplai ya 3.3 yenye uongo wa asilimia 10 inaweza kuwa 2.97. Umebaki na milivolti 200 na ampulifaya yenyewe inataka karibu hizo hizo. Inaingia, kwa shida, na kama DAC yako imepangwa vibaya inatoa 1.1 badala ya 1 njano itakatwa, na njano ikikatwa inabadilika rangi kwa sababu kilichokatwa ni kilele cha wimbi la rangi. Kama bodi ina 5 karibu, lisha 5. Mi siwaelewi kabisa watu wenye 5 kwenye bodi wanaolisha hii chipu 3.3 kwa sababu eti kila kitu kingine ni 3.3.

Na hiyo DAC, kwa kuwa sasa haisukumi kebo, inasukuma pini tu ya kuingilia ambayo haivuti kitu, huna haja ya kuifungia resista ya 37.5 na kuchoma milliampia 34. Nyingi zinaruhusu resista kubwa, mfano 300, na milliampia 4 na kitu, volti ya juu kabisa ni ileile 1.3. Chaneli tatu hapo umeokoa karibu milliampia 90. Hiyo peke yake inalipa umeme wa chipu yote na chenji inabaki.

PCB sina mengi. Kapasita ya 0.1 ibusu pini ya saplai, na moja kubwa ya 10 karibu. Resista ya 75 ikae kwenye pini ya chipu, siyo kwenye jeki, kwa sababu ukiacha njia ndefu tupu kati ya pini na resista chipu inaona kapasitansi ya ile njia na inaweza kuanza kutetemeka. Njia za kuingilia fupi, mbali na saa ya 27. Graundi moja nzima chini yake bila kuikatakata. Daiodi za kulinda na umeme tuli zikae kwenye jeki, na angalia kapasitansi yake isiwe kubwa.

Kupima: oskiloskopu nyingi hazina 75 ndani. Ukichomeka kebo moja kwa moja kwenye megaohmu 1 utaona volti 2 na utanipigia simu kwamba gaini imekosewa. Weka kifungio cha 75 kwanza. Na usipime rangi za baa peke yake, pima ncha ya sinki kwenye pini ya chipu ukiwa kwenye DC, badilisha picha kutoka nyeusi kwenda nyeupe, uone kama inahama hata kidogo. Hicho kipimo kimoja kinakuonyesha klampu, kisogezaji na nafasi ya chini kwa mara moja.

Maswali. Wewe hapo nyuma.

Ameuliza kama anaweza kutumia chipu hizihizi kwenye kamera za ulinzi za analogi za HD, zile zinazopita kwenye koaksi. Hapana. Yaani chipu ya SD hapana. Zile zinapanda mbali juu ya 8.5, rangi yao imebebwa huko juu, ukipitisha hapo utapata picha nyeusi na nyeupe yenye ukungu au usipate kabisa, na mbaya zaidi ukipima sinki iko vizuri kwa hiyo utalaumu kamera. Kwa kompoziti ya HD ya namna hiyo, au komponenti, ile ya Y, Pb na Pr, ya 720p na 1080i ambayo luma inafika megahezi 30, unatafuta chipu inayokata 30 na kitu. Kwa 1080p inakuwa 60 na zaidi. Na komponenti ya HD sinki yake ina ngazi tatu, inashuka 300 halafu inapanda 300, kwa hiyo soma klampu yake inasemaje.

Swali lingine. Ndiyo, nyingi zimeacha kutengenezwa, hilo ni kweli na linaniuma. Kitu kizuri ni kwamba watengenezaji wengi wa chaneli tatu walifuata mpangilio uleule wa pini nane, kuingia upande mmoja, kutoka upande wa pili, kwa hiyo ukichora bodi yako acha nafasi ya kapasita kwenye kuingilia ambayo unaweza kuiziba kwa resista ya sifuri, na acha nafasi ya kapasita kwenye kutokea hivyohivyo. Hapo chipu ikipotea sokoni unaweka ya kampuni nyingine, yenye klampu au yenye kisogezaji, na unabadilisha vipande viwili tu badala ya bodi nzima.

Na chaneli usiyoitumia? Pini ya kutokea iache wazi kabisa, usiifunge graundi wala usiiwekee mzigo. Ya kuingilia, kama ni ya moja kwa moja ipeleke graundi, kama ni ya klampu ipeleke graundi kupitia ile 0.1. Ukiiacha ikielea itadaka saa ya jirani na kuipeleka kwenye chaneli mbili zilizobaki.